Afya ya akili ndani ya kila somo, Gredi ya 4: nimemuumiza mtoto, naomba ushauri

Mwalimu wa Ng'ambo

Asalaam aleikum, hamjambo walimu wenzangu na wazazi.

Nafundisha Gredi ya 4 huku Likoni, watoto 58 darasa moja. Muhula huu mwalimu mkuu ametutaka tuingize afya ya akili katika kila somo na ionekane kwenye andalio la somo. Nilikubali kwa moyo mkunjufu. Mtaala unataja kujiamini, maadili na masuala mtambuka, yaani yale yanayopita katika masomo yote, lakini ukweli ni kwamba wengi wetu hujaza kile kisanduku tu tukaendelea na mada.

Nikaanza na Kiswahili. Niliwapa insha, "Siku niliyohuzunika sana". Mvulana mmoja akaandika usiku ambao mamake aliondoka kwenda kufanya kazi Saudia. Alimwambia alale, akiamka atamkuta. Insha ilikuwa nzuri, lugha safi, nikaisoma mbele ya darasa kama mfano. Sikumwomba ruhusa. Kufika mapumziko ya saa nne wenzake walikuwa washampa jina, "Saudia".

Hii ni wiki ya pili haandiki. Ukimsimamia ataandika neno moja, atalowesha kidole kwa mate, atalifuta, atasugua tena mpaka karatasi itoboke. Daftari lake lina tundu karibu kila ukurasa. Naliona nikifunga macho usiku.

Nimrudieje mtoto huyu? Na nitaingizaje jambo hili katika masomo mengine, Hisabati hasa, bila kurudia kosa lile?

Babu Chaki

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimestaafu, nilishika chaki miaka 34, Changamwe na Kisauni.

Anza na mtoto, masomo yatasubiri. Usimwite ofisini, ofisini mtoto huitwa kwa makosa. Mtafute anapopanga madaftari au mnapotoka, umwambie kwa kifupi: "Nilisoma insha yako bila kukuuliza, nilikosea, nisamehe." Usimwongezee "usijali" wala "mamako atarudi". Hujui atarudi lini. Kisha nyamaza. Asipojibu, mwache, amekusikia.

Na kumwomba mtoto radhi si kushuka heshima. Nilichelewa kulijua hilo, na wako watu wazima hapa Mombasa ambao natamani ningeliwaomba radhi walipokuwa na miaka tisa.

Kuhusu insha: kichwa hakikuwa kibaya, kosa ni kuitoa hadharani. Kipindi ni dakika 35. Ukifungua kidonda saa mbili, kengele italia hujakifunga, na mtoto ataingia Sayansi anachuruzika. Kwa darasa zima tumia mtu wa hadithini. Muulize mtoto Juma wa kwenye kifungu alihisi nini, atakujibu ya Juma, na ya kwake ataipitisha humo kama anataka.

Lingine ni msamiati. Waulize watoto wa leo wanajisikiaje, watakwambia "poa" au "sina raha", basi. Na lugha yetu ina hazina! Wahaka si sawa na kihoro. Wahaka ni ule wa kungoja matokeo, kihoro ni cha kufiwa. Kuna fadhaa, jakamoyo, soni, hamaki, kinyongo, jitimai, simanzi. Nilikuwa nikiandika neno moja ubaoni kila Jumatatu, tukilitungia sentensi wiki nzima. Siku moja msichana mdogo alinijia akanambia, "Mwalimu, leo nina kinyongo na dadangu." Mwezi uliopita yake angeliyasema kwa ngumi. Hapo umefundisha Kiswahili na afya ya akili kwa chaki ileile.

Bi Hesabu

Dada, Hisabati ndiyo yenye kazi kubwa zaidi, kwa sababu yenyewe huwatia watoto hofu. Mtoto mwenye wahaka akili yake inashughulika na ule wahaka, nafasi ya kushika tarakimu inakuwa ndogo. Hesabu aliyoijua jana nyumbani inampotea mbele ya ubao. Si uvivu.

Mimi nimeacha mambo mawili: kumsimamisha mtoto ubaoni kwa ghafla, na kusoma alama kwa sauti. Badala ya alama nyekundu ya mkasi (X) nazungushia pale hesabu ilipopinda, tunaitazama pamoja. Kisha kwenye mada ya data watoto wanahesabu saa walizolala, kila mmoja anatia kikaratasi kisicho na jina kwenye kopo, tunachora grafu. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 katika kila saa 24. Darasani kwangu vikaratasi vingi vilisema saba, na siku za joto la kaskazi vilishuka zaidi. Tukajadili simu, televisheni, joto, na watoto wanaorauka alfajiri. Hesabu imefanyika na hakuna aliyeaibika.

Ila usichore grafu ya "nani ana huzuni leo". Hata bila majina, watoto watatazamana.

Mwalimu Tudor

Mimi sikubaliani, na nasema kwa heshima. Watoto 58, maandalio, tathmini zisizokwisha, na Gredi ya 6 wanangojewa na KPSEA, ile tathmini ya kitaifa. Sasa tuwe na madaktari wa akili pia? Kisa cha mwenzetu hapo juu ndicho ushahidi wangu. Mtu hakufunzwa, akagusa pasipofaa, mtoto akaumia. Waachiwe wenye taaluma.

Nasaha

Mwalimu Tudor, wasiwasi wako nauelewa. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha na nimekutana na watoto waliochimbwa kwa nia njema. Kutibu si kazi ya mwalimu wa darasa, hapo tuko pamoja.

Lakini kufundisha kupiga mswaki si kung'oa jino. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kufikisha miaka 14. Wakati huo mtoto yuko mbele yako, si mbele ya daktari. Uskoti wameuweka ustawi wa mtoto pamoja na kusoma na kuhesabu, jukumu la kila mwalimu, awe wa muziki au wa sayansi. Na hapa kwetu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko na pia kumtesa mtoto kiakili. Yale majina ya kubandikana darasani, mwalimu akiyasikia akayapuuza, ameshafundisha kitu.

Mpaka ni huu. Mtoto akikwambia anapigwa, anaguswa vibaya, au hataki kuishi, usimuahidi siri na usimhoji kama askari. Msikilize, mshukuru kwa kukwambia, mpeleke kwa mwalimu wa nasaha au mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Laini ya watoto ni 116, haina malipo.

Dada wa Likoni, kwenye Sayansi waambie wahesabu mapigo ya moyo wakiwa wameketi, baada ya kuruka kamba, na baada ya kupumua polepole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Wataona kwa vidole vyao kwamba mwili unatulizika. Masomo ya Jamii, wachore ramani ya njia ya kutoka nyumbani hadi shule, watie alama wanapojisikia salama na wanapoogopa. Zikusanye wewe, usizibandike ukutani. Mwaka jana watoto sita, hawakuketi pamoja, walitia alama ya hofu kwenye uchochoro mmoja. Tulikwenda kuutazama na wazazi.

Ustadh wa Kisauni

Naongeza machache upande wa dini, maana watoto hawa wakitoka kwenu wanakuja kwetu chuoni, yaani madrasa, jioni.

Wako wazazi wanaodhani huzuni ya mtoto ni upungufu wa imani, au wanakimbilia kusema ana jini. Mimi huwasimulia watoto kisa cha Nabii Yaaqub, alivyomlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe. Alikuwa mtume na alilia. Na mafunzo ya Mtume kuhusu hasira, kwamba aliyesimama aketi, ikikataa alale, hili wanalifanya papo hapo darasani na linawakaa. Dua tunasoma, na hospitali tunakwenda, moja haimfukuzi mwenziwe.

Mwalimu, ongea na ustadh wa mtoto huyo pia. Jina la "Saudia" huenda limemfuata mpaka chuoni.

Mama Watatu

Niseme kama mzazi. Mimi nilikuwa Saudia miaka minne, wanangu wakilelewa na mama yangu. Mtoto huyo haoni haya kwamba mamake yuko kule. Ana uchungu kwamba alidanganywa usiku ule. Mtafuteni bibi yake au yeyote anayemlea, muulizeni mama hupiga simu lini. Siku ya simu na siku ya pili yake, msimpe kazi nzito.

Mwalimu wa Ng'ambo

Nawashukuru nyote. Mwalimu Tudor, nawe pia, maneno yako yameniuma kwa haki.

Nilimwomba radhi Jumanne tukifuta ubao. Akasema "sawa mwalimu", akaendelea kufuta mahali palepale palipokwisha kuwa safi. Lile jina tulilizungumza darasa zima bila kumtaja, kwa kisa cha mtu wa hadithini, na watoto wawili walimfuata wenyewe wakati wa chakula. Bibi alikuja. Mama hutuma sauti kila Ijumaa usiku, na kweli Jumamosi chuoni huwa hashiki kitu.

Leo mada ilikuwa barua ya kirafiki. Niliwaambia kila mmoja amwandikie mtu aliye mbali, nitakagua anwani na tarehe tu, mwili wa barua ni wao, waukunje. Aliandika ukurasa mmoja na nusu kwa kalamu ya wino, ambayo haifutiki kwa mate. Akaikunja mara nne, akanipa nimpelekee bibi aipige picha amtumie mamake. Iko ndani ya mkoba wangu hapa, na sijaikunjua.

Bi Hesabu, Jumatatu naanza na kopo la vikaratasi. Je, wale wasiojua saa walizolala unawasaidiaje kuhesabu?