Naomba ushauri: yoga imeniponya mgongo, ila moyo hautulii

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni Mwislamu wa Bombo, kazi yangu Kampala ni ya kukaa kitini kutwa. Mgongo ulinitesa miaka, hadi rafiki akanipeleka kwenye darasa la yoga huko Bugolobi. Huu ni mwezi wa nane tangu nianze, nalala vizuri, hata hasira zimepungua. Watoto wenyewe wameona.

Shida ilianza nilipojua kwamba ule mfululizo wa kuanzia, surya namaskar, maana yake ni kulisalimu jua. Mwalimu anasema hapa hakuna dini, ni mazoezi tu. Lakini tunamaliza kwa kuimba "om", sauti takatifu kwa Wahindu, macho tumefumba, viganja vimekutana kifuani. Mama alipoona video kwenye simu yangu alinyamaza, kisha akauliza, "Mwanangu, hapo unamwomba nani?" Sijamjibu mpaka leo.

Nimesoma kwamba baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwakataza Waislamu yoga yenye nyimbo na ibada zake, na wanazuoni wa Indonesia wakafuata 2009, wakiruhusu mazoezi matupu. Hilo limenipa nafuu kidogo. Ila pia namwonea haya jirani yangu Mhindu. Kwake hii ni ibada ya wazee wake, nami nachagua ninachotaka na kuacha kingine, kana kwamba niko sokoni.

Waliopitia haya, mlifanyaje? Ninyamaze wakati wa "om", au nifanyie nyumbani peke yangu? Na mama nimweleze vipi?