Kamati ya Kukhu Miaka 80 🎂

Jumanne

Rose Nakuru 16:52
Mulembe wote. Someni hii mpaka mwisho, msipite tu kama kawaida yenu. Jana saa nane mchana Mama (Kukhu, nyanya ya Brian) alipigiwa simu na mtu anayejiita mwalimu wa Brian. Akaambiwa Brian ameanguka kwa ngazi, damu inatoka masikioni, hospitali haimgusi mpaka 6,500 zitumwe. Mama alikuwa na 4,800, pesa ya mbolea. Akatuma zote. Brian wakati huo alikuwa darasani, mzima kama kigongo.

Rose Nakuru 16:53
Sasa jiulizeni. Huyo mtu alijuaje jina la Brian, darasa lake, shule yake, na namba ya Mama?

Rose Nakuru 16:53
Nangoja majibu

Rose Nakuru 17:09
Naona mmesoma watu 38

Mama Brian 17:20
Mulamwa mimi nimelia jana mpaka macho yakavimba. Pole kwa Mama. Lakini kabla tuendelee, nani alienda na sufuria yangu kubwa ya wali? Iko na M nyekundu kwa mfuniko

Rose Nakuru 17:21
Mama Brian SI SASA

Mwenye Tenti 17:24
Pole kwa familia. Mimi ni wa tenti na viti 150. Salio bado 7,000

Caro 17:25
😂😂😂 kumbe huyu bado yuko humu

Rose Nakuru 17:26
Caro unacheka, lakini hilo ndilo ninalosema. Humu tuko watu 63. Familia hatufiki 30. Wengine ni wa tenti, wa keki, wa muziki, mpaka yule kijana aliyechinja. Kamati iliisha Jumamosi usiku, hakuna aliyetoka. Halafu Fred Jumapili asubuhi akamwaga humu picha 94, na hizo hizo akazipeleka Facebook, wazi kwa dunia nzima.

Rose Nakuru 17:27
@Fred

Rose Nakuru 17:27
@Fred

Pasta Wycliffe 17:33
Amina 🙏

Edu Kondele 17:41
Senje Rose, ule ujumbe wa M-Pesa ulitumwa kwa 456 ili pesa irudishwe?

Rose Nakuru 17:42
Mtoto wa jirani alimsaidia Mama kuutuma saa kumi. Wakajibu pesa imeshatolewa. Ile namba ya mwizi nimeipeleka 333 ya kuripoti walaghai.

Edu Kondele 17:43
Saa mbili nzima. Imeenda hiyo

Edu Kondele 17:50
Nimekaa na albamu ya Baba Mdogo Fred usiku kucha. Hakuna picha moja inayosema kila kitu. Ya 9 ni kadi ya mwaliko, ina namba ya Kukhu ya kuchangia na majina yake matatu vile yanatokea kwa M-Pesa. Ya 31 ni Brian na sweta ya shule, nembo inasomeka wazi. Na chini yake mtu ameandika "Brian wetu wa Gredi ya 4, mjukuu kipenzi wa Kukhu". Unga hizo, tayari wewe ni mwalimu wa Brian

Caro 17:51
Huyo mtu ni mimi 😔 nilikuwa nasifu mtoto tu jameni

Edu Kondele 17:52
Najua Caro. Na mimi nina yangu. Ya 52, meza ya keki. Nilikuwa nimetoka tu kumsajili Kukhu kwa SHA, ile bima ya afya, kitambulisho nikakiacha kando ya soda. Ukiikuza hiyo picha unasoma namba na tarehe ya kuzaliwa

Tom Baba Brian 17:53
Kijana wa kompyuta mzima!!

Edu Kondele 17:53
Sina la kusema. Jina, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, si ndivyo tunaulizwa sisi wenyewe tukipigia huduma kwa wateja? Kukhu abonyeze *106# leo tuone laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lake

Tom Baba Brian 17:55
Mimi shida yangu ni ya 44. Nani alinipiga nikiwa nimekaa hivyo? Jezi ya Ingwe, AFC Leopards yangu, imekuwa sidiria

Caro 17:55
😂😂😂😂

Mama Brian 17:56
Hilo tumbo hata bila picha linajulikana mpaka Kisumu

Caro 17:58
Edu ni kweli picha huonyesha mpaka mahali ulipo? Nilisikia

Edu Kondele 18:02
Ya simu ndiyo, kama umeruhusu kamera itumie eneo. Faili inabeba alama za ramani, saa, mpaka aina ya simu. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida hizo zinapanguswa. Ukituma kama dokumenti zinaenda zote. Facebook nayo haiwaonyeshi watazamaji. Lakini sisi hatukuhitaji ramani. Kadi imeandikwa "Khayega, geti la bluu baada ya kanisa"

Tom Baba Brian 18:03
Geti nilipaka mimi

Rose Nakuru 18:05
Tom wewe ndiye baba wa mtoto. Mwizi anajua mtoto wako anasoma wapi na sweta yake ni ya rangi gani, unaleta mzaha wa geti

Tom Baba Brian 18:11
Nimeenda shuleni leo asubuhi Rose. Nimewaambia hakuna mtu mwingine wa kumchukua isipokuwa mimi na mama yake. Sikutaka kuandika humu

Rose Nakuru 18:12
Sawa. Samahani.

Rose Nakuru 18:14
FRED. Picha za humu unaweza kuzifutia wote kwa siku mbili na saa kumi na mbili tu. Ulianza kutuma Jumapili saa mbili na dakika kumi asubuhi. Kwa hiyo mwisho ni LEO saa mbili na dakika kumi usiku. Baada ya hapo utajifutia wewe peke yako. Halafu za Facebook.

Rose Nakuru 18:15
Nimekupigia mara sita

Fred 18:49
Niko kwa matatu natoka Eldoret mtandao ni wa kuomba. Mbona mnanifanya mwizi? Nilichukua likizo nikapiga picha bure siku nzima, sikula hata kuku, ile ingokho. Na wewe Rose uliweka mioyo saba kwa hizo picha, nimehesabu

Rose Nakuru 18:50
Mioyo si ruhusa. Nani alikupa ruhusa ya kumweka Mama nje hivyo?

Fred 18:51
Ruhusa ya nani sasa, yako?

Phanice Doha 18:55
Rose. Kabla umalize mtoto wa watu. 2019

Phanice Doha 18:55
Nani aliweka picha ya Baba?

Phanice Doha 18:58
Mimi nilikuwa zamu. Nikafungua simu chooni, Baba huyo na mshumaa na "Pumzika Baba". Saa tano asubuhi. Simu yenu ilikuja saa kumi jioni. Nilimaliza zamu hivyo hivyo, nikitandika vitanda vya watu. Hakuna siku mtu aliniambia pole kwa hilo. Kwa kifo ndiyo, kwa hilo hapana

Caro 18:59
Senje 💔

Mwalimu Jairo 19:06
Salamu. Nimekuwa nikiandika hii tangu saa kumi na mbili. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Klabu moja ya Nairobi nayo ikatozwa 1,850,000 kwa picha ya mteja. Sheria si mchezo. Fred ajipange.

Tom Baba Brian 19:07
Fred uza ile ploti 😂

Fred 19:07
Ploti gani? Ile mliuza mkiwa mmenituma chumvi?

Rose Nakuru 19:08
Hapana. Hapana. Hiyo hatufungui leo

Edu Kondele 19:10
Mwalimu, kwa heshima, sheria hiyo hiyo imeacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani. Baba Mdogo Fred sidhani inamgusa. Anayeguswa ni yule mpiga picha tuliyemkodisha. Ameweka picha 40 kwa ukurasa wake wa biashara kujitangaza, Brian yuko mbele kabisa. Na kile kiungo cha Drive alichotutumia kiko wazi kwa yeyote atakayekipata

Mwalimu Jairo 19:12
Ni kweli. Nilikuwa nafika hapo.

Rose Nakuru 19:13
Nimeongea naye. Anasema hatoi hata moja mpaka alipwe salio lake la 5,000.

Mwenye Tenti 19:14
Hata mimi

Kukhu (simu ya Junior) 19:31
🎤 Ujumbe wa sauti 2:06

Caro 19:33
Niko kanisani siwezi kusikiza, mtu aandike please

Edu Kondele 19:44
Nimeandika vile ameongea, sijaongeza kitu:

"Watoto wangu, msigombane kwa pesa ya mbolea. Mbolea tutatafuta. Yule kijana wa simu aliniita Kukhu. Hakuniita mama, hakuniita nyanya. Alisema, Kukhu, usiogope, Brian yuko na mimi. Ndiyo nikatuma. Sasa mimi nauliza, siku ile Brian mwenyewe atapiga analia, nitajuaje ni yeye? Nitamwambia akate simu? Na wewe Phanice, siku ya baba yenu nilimwambia Rose angoje upigiwe kwanza. Hakungoja. Nimenyamaza tangu siku hiyo kwa sababu ni mtoto wangu, na wewe ni mtoto wangu. Picha za Jumamosi Junior amenionyesha, ni nzuri, nimependa ile ya kucheka. Lakini mlikuwa wengi vile, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Halafu kuna sauti ya kuku, halafu imeisha

Fred 19:52
Nimesikia Mama. Nafuta.

Rose Nakuru 19:58
Phanice nitakupigia

Phanice Doha 19:59
Niko zamu ya usiku. Kesho labda

Tom Baba Brian 20:01
Tuweke swali la siri. Mtu akipiga akisema ni Brian ama ni mwalimu, Mama anamuuliza jina la yule ng'ombe aliyezama mtoni. Asiyejua si wetu

Caro 20:02
Si alikuwa Malaika 😂

Rose Nakuru 20:02
CARO FUTA

Caro 20:02
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mwenye Tenti 20:03
Mimi sijaona kitu

Tom Baba Brian 20:03
😂😂😂 basi ng'ombe mwingine. Nitawapigia mmoja mmoja

Fred 20:16
Nimefuta za humu 83. Kufika kwa hizo zingine mtandao ukakatika hapa Kapsabet. Sasa 11 zimebaki, inanipa tu "nifutie mimi". Facebook nimetoa kadi, Brian na kitambulisho. Albamu nimeifungia marafiki tu

Edu Kondele 20:18
Baba Mdogo, marafiki wako ni 4,300

Fred 20:18
Ni watu nawajua

Edu Kondele 20:19
Wote?

Fred 20:24
Nikifika nyumbani nitaangalia tena

Rose Nakuru 20:27
Na kila aliyehifadhi picha za watoto kwa simu asiziweke stetasi. Waliokwisha kupakua, kufuta kwa Fred hakujawafikia, simu ni zenu. Sasa mpiga picha. Tunakusanya 5,000 tumlipe leo leo, kesho asubuhi atoe zote na afunge kile kiungo. Nakilini, mjaze:

1. Rose 1,000 ✅
2.
3.
4.

Edu Kondele 20:31
1. Rose 1,000 ✅
2. Edu 500 ✅
3.
4.

Mama Brian 20:33
NGOJENI. Msifute ya 87!!

Mama Brian 20:34
Mtazame nyuma ya Kukhu, upande wa mgomba. Kuna gari buti imefunguliwa. Sufuria yangu iko ndani. M nyekundu hiyo!!! Na namba za gari zinasomeka zote

Tom Baba Brian 20:35
Mungu wangu

Caro 20:35
Hizo namba nazijua lakini mimi nanyamaza 🙈

Pasta Wycliffe 20:36
Amina

Mwalimu Jairo 20:41
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Brian 20:42
Nimesoma kabla ufute Mwalimu. Sijakasirika. Ilipakiwa na vyombo vya kanisa, inawezekana. Nitapitia Jumamosi

Mwalimu Jairo 20:50
Karibu. Mfuniko ulipinda kidogo.

Mama Brian 20:51
Ulipinda vipi

Rose Nakuru 20:58
Tafadhali rudini kwa orodha. Bado 3,500. Phanice sitakuweka. Fred je?

Rose Nakuru 21:20
Fred?

Edu Kondele 21:26
Senje nimeongea na Junior. *106# imeonyesha laini mbili kwa jina la Kukhu. Moja ni yake. Nyingine hatuijui, inaweza kuwa ile ya zamani ya Kuka marehemu. Kesho nitaenda naye Kakamega mjini tuulize

Rose Nakuru 21:27
Ya Baba ilifungwa 2020. Niliifunga mimi

Edu Kondele 21:27
Basi tutaondoka mapema

Rose Nakuru 21:34
Naanza kuwatoa wasio wa familia saa hii. Msichukue vibaya, kazi yenu tulishukuru Jumamosi.

Mwenye Tenti 21:35
Madamu mimi nitatoka nikilipwa