Upepo ukigeuka katikati ya mashindano ya ngalawa, mshindi ni nani?

MwanaKunduchi:

Assalaam alaykum, na habari za wakati huu ndugu wapenzi wa bahari.

Hapa kwetu Kunduchi kuna ushindani wa miaka mingi kati ya vijana wa mtaa wetu na jamaa zetu wa Ununio. Ni ushindani wa utani na wa kupendana, kwa sababu tumeoleana, na wengi wetu ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Jumapili ambazo watu wana nafasi, tunatweka matanga ya ngalawa mbili kwa pamoja, tunazunguka kisiwa cha Mbudya, kisha tunarudi, na wanaotangulia kugusa mchanga hununuliwa samaki wa kupaka na wenzao. Hatutafuti fedha wala kombe, lakini naomba mwelewe kwamba tunaujali sana ushindi huo, na habari yake huzungumzwa vibarazani mpaka Jumapili inayofuata.

Mara hii ya mwisho, katika siku hizi za maleleji, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, tuliondoka asubuhi kwa matlai laini, yaani upepo wa asubuhi wa kutoka mashariki, tukapita nyuma ya kisiwa vizuri, ngalawa yetu ikiwa mbele. Tulipoingia upande wa magharibi wa Mbudya upepo ukakatika kabisa, tanga likaning'inia kwenye foromali, ule mti unaolishikilia, kama shuka iliyoanikwa. Tukakaa hivyo kwa muda, huku wenzetu wakitukaribia kwa makasia madogo madogo ambayo hatukukatazana. Ndipo wingu jeusi likainuka upande wa bara, na baada ya muda mfupi upepo ukaja kwa kishindo kutoka kule kule tulikokuwa tukielekea. Nahodha wetu akaamuru tanga litue. Wa Ununio wakaliacha lao juu, wakalegeza demani, kamba ya kulidhibiti tanga, wakawa wanabisha, yaani kwenda upande huu na huu dhidi ya upepo, huku tengo la upande wa chini, lile gogo la ubavuni linaloizuia ngalawa isipinduke, likizama na kuibuka, wakatupita, wakafika pwani wakiwa wamelowa chapachapa lakini salama.

Wao wanasema wameshinda. Sisi tunasema mashindano yalikwisha upepo ulipogeuka. Nauliza mambo mawili: kwa haki, nani ameshinda? Na je, kuna dalili ambazo zingetuonyesha mapema kwamba siku ile haikuwa ya kushindana?

Nahodha Mstaafu (Nungwi):

Waalaykum salaam mwanangu. Nianze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo lenye uzito.

Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, inayoshika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, ni pepo ambazo mtu anaweza kuzizoea kama anavyozoea tabia za jirani yake. Hata kusi ikiwa kali, kama ilivyo kawaida mwezi wa sita na wa saba, unajua inatoka wapi na unajua itaendelea kutoka huko. Maleleji hayana mwenyewe. Upepo mkubwa wa msimu umeondoka na mwingine haujafika, kwa hiyo kinachobaki kutawala ni joto la nchi kavu na la bahari: alfajiri unapata umande, yaani upepo unaotoka bara, mchana bara ikishapata joto upepo unageuka na kuingia kutoka baharini, na kati ya hizo mbili kuna saa za shwari ambazo hakuna nahodha anayeweza kuziamuru. Juu ya hayo, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya vuli, na mawingu ya mvua huja na pepo zake yenyewe.

Huo upepo wa wingu ndio uliowapiga. Mvua inaposhuka ndani ya wingu huipoza hewa, hewa hiyo baridi ni nzito, huanguka hadi usoni mwa bahari na kusambaa pande zote, ikitangulia mvua yenyewe. Kwa sababu hiyo anayesubiri matone ndipo atue tanga amekwisha kuchelewa. Dalili zipo. Shwari isiyo ya kawaida yenye joto la kukaba ni moja. Wingu lenye kitako bapa na cheusi, ambalo chini yake huoni tena mstari wa pwani, ni ya pili. Kisha, na hii ndiyo ya kuishika sana, tazama rangi ya maji kati yako na wingu: ukiona utando mweusi wa viwimbi vidogo unakuja mbio juu ya maji yaliyolala, na shavu lako likahisi ubaridi wa ghafla, basi una dakika chache tu. Hapo hakuna mjadala na hakuna mashindano.

Aliyetua tanga alifanya kazi ya nahodha. Kwa maoni yangu siku hiyo hakuna aliyeshinda, na samaki mle pamoja.

Binti Shela (Lamu):

Shikamoo mzee Nahodha, na salamu kwako kaka wa Kunduchi. Maelezo ya mzee kuhusu pepo nayakubali yote, lakini hukumu yake siikubali, naye aniwie radhi.

Kwetu Lamu mashindano ya mashua ni jambo la heshima ya mtaa, na Shela, Matondoni na Lamu mjini kila mmoja ana mashua anayoiombea dua. Katika mkondo kati ya kisiwa cha Lamu na Manda upepo hubadilika kila unapopita pengo la mikoko, na ndiyo maana hapo ustadi huonekana. Mabaharia hupanda juu ya ubao uliotolewa nje ya ubavu unaoelekea upepo ili kuizuia mashua isilale, magunia ya mchanga huhamishwa upande hadi upande kama farumi, yaani uzito wa kuituliza mashua, na mmoja hana kazi nyingine isipokuwa kufua maji, yaani kuyatoa chomboni. Upepo ukipanda, wote watano au sita husogea pamoja bila kuambiwa. Ukishuka, hurudi ndani. Nimewatazama tangu utotoni na bado nafurahi kuwaona, kwa kuwa katika kusogea kule kwa pamoja ndipo unapowajua waliozoeana.

Kwa hiyo kusema kwamba mashindano yamekwisha kwa sababu upepo umegeuka ni kusema kwamba tunashindana katika upepo mmoja tu, na bahari haikutupa ahadi hiyo. Wenzenu walilegeza demani, walikaa goshini, yaani upande unakotoka upepo, wakafika. Hamkuwa mmekubaliana chochote kuhusu kusimamisha mashindano, basi ushindi ni wao. Kosa ni la pande zote mbili kwa kutokuwa na mwamuzi. Awepo mtu asiyekuwa ndani ya chombo chochote cha mashindano, awe pwani mahali pa juu au ndani ya boti ya injini, na neno lake lisipingwe.

Niongeze pia habari ya maji, ambayo hamkuitaja. Upepo ukivuma kinyume na mkondo wa maji, mawimbi husimama mafupi na makali hata kama upepo wenyewe si mkubwa sana, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo huwa na nguvu zaidi kuliko siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Maji hujaa na kupwa kila saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mnaposhindana saa ile ile kila Jumapili, hamshindani katika maji yale yale.

Mwamuzi wa Mtwapa:

Nimewahi kusimamia mashindano ya vyombo vidogo vya tanga vya vijana hapa Mtwapa, na napenda kueleza namna sheria za kimataifa zinavyolitazama jambo hili, kwa sababu zinawapa haki mzee na dada kwa pamoja.

Sheria za mashindano ya matanga, zinazotolewa na World Sailing, shirika la kimataifa la mchezo huu, na kupitiwa upya kila miaka minne, zinasema kwamba uamuzi wa kuingia katika mashindano, au wa kuendelea nayo, ni jukumu la chombo chenyewe. Nahodha wenu alitumia haki yake alipotua tanga, na nahodha wa Ununio alitumia ya kwake alipoliacha. Kwa msingi huo aliyefika kwanza ameshinda. Hata hivyo sheria hizo hizo zinaipa kamati uwezo wa kuahirisha mashindano kabla hayajaanza, kuyafupisha, au kuyafuta yakiwa yanaendelea, iwe kwa sababu ya hali mbaya ya hewa au kwa upepo kuwa hafifu mno. Shwari yenu upande wa magharibi wa Mbudya peke yake ingetosha kuyafuta. Tena kusukuma kwa makasia hakuruhusiwi, na hapo wa Ununio wangekuwa na swali la kujibu.

Sababu ya kusisitiza haya si urasimu. Mwezi wa Agosti mwaka 1979, katika mashindano ya Fastnet yanayoondoka Uingereza, vyombo 303 vilipigwa na dhoruba iliyozidi utabiri, na mabaharia 15 waliokuwa wakishindana walifariki. Mwaka 1998 mashindano ya kutoka Sydney hadi Hobart yaliwapoteza watu 6. Hao walikuwa na vyombo vikubwa, vyenye sitaha na redio. Ngalawa ni gogo lililochongwa, lenye matengo mawili.

Jambo moja la kihesabu ambalo huwafundisha vijana wangu kabla ya lolote jingine ni kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu inayolisukuma tanga huongezeka mara nne. Upepo wa noti 10 (noti ni kipimo cha kasi baharini), ambao unakupa viwimbi vyenye povu la hapa na pale, ni starehe tupu. Ukifika noti 20 povu jeupe limetapakaa kila upande, na tanga lile lile sasa linavutwa kwa nguvu mara nne. Mwili unahisi kana kwamba upepo umeongezeka kidogo tu, lakini mlingoti haudanganyiki.

Kwa upande wenu wa Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kwa watumiaji wa bahari, na mara nyingi tahadhari zao hutaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Tahadhari ya namna hiyo ikiwepo, msitweke. Ila wingu moja la vuli linaweza kuzuka siku ambayo hakuna tahadhari yoyote, na hapo macho aliyoyaeleza mzee Nahodha ndiyo yanayohitajika. Kila mtu avae jaketi okozi kabla ya kuondoka pwani, maana wingu likishafika hakuna mkono wa ziada wa kufunga jaketi.

MwanaKunduchi:

Nawashukuru sana, mzee wangu, dada na ndugu mwamuzi. Nimewasomea wenzangu majibu yenu, na wa Ununio wamefurahi mno kwa maneno ya Binti Shela, kisha wakanyamaza walipofika kwenye makasia. Yamebaki mawili. Mwamuzi tutampata wapi, ikiwa kila mtu hapa ni ndugu wa upande fulani? Na ngalawa yao ni nyepesi kuliko yetu, hivyo kwenye upepo hafifu tunaachwa, na kwenye upepo mkali wao ndio wanaopaswa kuogopa. Je, kuna namna ya kusawazisha?

Binti Shela (Lamu):

Kaka, mwamuzi si lazima awe mgeni. Mchukueni mama au bibi mwenye wajukuu pande zote mbili. Hakuna atakayefuta mashindano upesi kuliko yeye akiona wingu, na hakuna kijana atakayembishia. Mpeni bendera mbili: moja ya kuahirisha kabla hamjaondoka, nyingine ya kuwaita mrudi. Wakati mnaondoka asimame mahali ambapo ngalawa zote zinaonekana, na kwa kuwa mkiwa nyuma ya Mbudya hataweza kuwaona, ama awe ndani ya boti, ama mwache kuzunguka kisiwa wakati wa maleleji, mkashindane kati ya maboya mawili mbele ya pwani yenu.

Kuhusu ngalawa, badilishaneni. Mzunguko wa kwanza kila mtu na chake, wa pili wao wapande yenu na ninyi yao, kisha mjumlishe. Mtajua kwa hakika kama ubora uko kwenye gogo au kwenye mikono. Tena kijana akiishika ngalawa ya mwenzake ataitunza kama yai, kwa sababu mwenyewe yuko palepale anamtazama.

Nahodha Mstaafu (Nungwi):

Binti Shela, marahaba, na umenishinda kwa hoja kuhusu ushindi; wa Ununio wapewe samaki wao, na suala la makasia wakalimalize wenyewe.

Ila kabla hamjabadilishana vyombo, mwanangu, kila upande uoneshe mwenzake jinsi henza yake, kamba ya kupandishia tanga, ilivyofungwa. Henza isipigwe fundo. Izungushwe na kufungwa kwa kitanzi ambacho mtu mmoja anakifungua kwa kuvuta mara moja, hata kamba ikiwa imelowa na kuvimba. Na kutua tanga kuna mpangilio wake: kwanza legezeni demani ili upepo umwagike, kisha msukani aelekeze omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, upande wa upepo, ndipo henza iachiwe, huku wawili walioko goshini wakilivuta tanga ndani na kulilalia. Likiachwa lianguke upande wa chini ya upepo litateka maji, na tanga lililojaa maji hulizamisha tengo na kuigeuza ngalawa kabla hamjapata nafasi ya kulikata. Fanyeni zoezi hilo kwanza karibu na pwani, siku ya upepo mdogo, na kila kikundi kikiwa ndani ya ngalawa ya mwenzake.