MAZOEZI ASUBUHI SINZA 🏃🏾: hedifoni za kikundi

Jumatano

19:42 Salma Katibu: Habari za jioni wanamazoezi, shikamooni wakubwa. Suala la hedifoni zisizo na waya tulimalize leo. Deo anakwenda Kariakoo Jumamosi, tukichukua pamoja tutapata bei ya jumla. Kikomo elfu 60 kila mtu. Nataka majina kabla ya saa 4 usiku.

19:43 Salma Katibu: Deo upo?

19:58 Salma Katibu: Watu 14 mmeona, hakuna anayejibu. Jamani.

20:05 Fundi Deo: Nipo Katibu, nilikuwa nabandika kioo cha mteja. Tusianze na jina la kampuni, tuanze na jasho. Kwenye boksi tafuteni IPX na namba, ndicho kipimo cha kinga ya maji. IPX4 ni maji ya kurukia kutoka kila upande, chini ya hapo msinunue kwa mazoezi. IPX5 inahimili maji yanayorushwa kwa mpira wa maji. IPX7 inahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Hiyo X maana yake kinga ya vumbi haikupimwa. Ikiandikwa IP55 au IP57, na vumbi limepimwa.

20:06 Salma Katibu: Basi IPX7. Tumemaliza. Majina?

20:09 Fundi Deo: Hapana Katibu, polepole. Kipimo kile ni cha maji ya kawaida, jasho lina chumvi. Halafu kinahusu hedifoni yenyewe, kiboksi cha chaji mara nyingi hakina kinga yoyote. Nyingi zinafia humo. Mtu anamaliza kukimbia, anazitumbukiza zikiwa na jasho, chaji inaanza kupita kwenye vile vidoti vya shaba vikiwa vimelowa. Umeme na maji ya chumvi vikikutana, shaba inalika. Vidoti vinaota ukijani, upande mmoja unagoma kuchaji, mnasema betri imekufa. Betri ni nzima, kidoti ndicho kimeliwa.

20:10 Msangi: Kwa jasho la Baba Neema hata bomba la DAWASA linalika 😂😂

20:10 Zawadi: 🤣🤣🤣

20:11 Baba Neema: Niacheni.

20:11 Msangi: Deo kuna IPX20 ya huyu mzee?

20:13 Salma Katibu: Msangi tafadhali. Deo, sasa mtu afanyeje akimaliza?

20:17 Fundi Deo: Afute kwa kitambaa kikavu, aziache nje ya kiboksi mpaka zikauke kabisa, ndipo azirudishe. Mara moja kwa wiki apitishe pamba ya fimbo yenye spiriti kidogo kwenye vidoti, pande zote mbili, hedifoni na kiboksi. Vipira laini vinavyoingia sikioni avichomoe aoshe kwa maji na sabuni, avirudishe vikiwa vikavu. Ule wavu mdogo wa sauti ausafishe kwa mswaki laini huku kipande cha sikioni kimeelekea chini, uchafu udondoke nje. Msitumie pini. Pini inasukuma nta ndani, sauti ya upande ule inafifia.

20:24 Mama Zuhura: Mimi nataka isiyodondoka tu. Na mtandio wangu kila ukigusa wimbo unaruka.

20:31 Kocha Hamisi: Mama Zuhura, hiyo ni ya kugusa kwa kidole. Nguo inaigusa na yenyewe inadhani ni wewe. Jasho nalo hufanya hivyohivyo. Chukua yenye kitufe cha kubonyeza, au yenye programu yake kwenye simu inayokuruhusu kuzima mguso.

20:34 Kocha Hamisi: Kudondoka mara nyingi ni saizi ya kipira. Boksi huja na S, M na L, watu wanavaa kile kilichokuja kimefungwa na hawajaribu vingine. Kikiwa kidogo besi inapotea na kipande kinachomoka. Kikiwa kikubwa sikio linauma. Kuvaa: pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza kipande, zungusha kidogo, achia. Kisha tafuna kama una karanga mdomoni. Taya ndiyo inayosukuma kipande nje kuliko hata kuruka. Na sikio la kulia linaweza kutaka M la kushoto S, ni kawaida.

20:35 Kocha Hamisi: Wa kuruka kamba achukue yenye ndoano ya kupita nyuma ya sikio. Hiyo hata kipira kikilegea haiendi popote.

20:36 Salma Katibu: Safi sana Kocha. Kwa hiyo ndoano + IPX5 + kitufe. Elfu 60 zitumwe kwangu kuanzia leo. Nani wa kwanza?

20:52 Salma Katibu: ???

20:55 Baba Neema: Kwako wewe? Kama zile za fulana?

20:55 Zawadi: 👀

20:56 Salma Katibu: Baba Neema, la fulana lilishakwisha.

20:57 Baba Neema: Limekwisha kwako. Mimi na Mama Zuhura bado tunasubiri. Tulilipia saizi kubwa.

20:58 Msangi: Fulana ya Baba Neema ilimtosha Neema 😂

20:58 Zawadi: Ikabaki na ya mdoli

20:59 Salma Katibu: Siyo mahali pake hapa. Nauliza hedifoni.

21:00 Baba Neema: Ndipo mahali pake. Hela zilitolewa hapahapa kikundini.

21:03 Fundi Deo: Jamani kabla hamjatuma hela, jambo moja. Kwa elfu 60 msitegemee majina makubwa. JBL Endurance Peak 3 ina ndoano na IP68, ni kitu kizuri, lakini orijino haishuki kufika bei hiyo. Ukiiona elfu 30 ujue ni kopi. Tuchukue kampuni ya bei ya kati yenye duka lake na waranti ya maandishi, tupimie hapohapo dukani.

21:04 Msangi: Nikipewa yenye maandishi 5000mAh nichukue?

21:07 Fundi Deo: Ikimbie. Kipande kimoja cha sikioni hubeba betri ya kama mAh 30 hadi 60, kiboksi mia kadhaa. Namba ya maelfu kwenye kiboksi kinachoenea kiganjani ni ya kubandika tu. Angalia saa: kipande kicheze saa 5 au 6 bila kiboksi, kwa mbio za saa moja inatosha na ziada. Kiboksi kijaze mara 3, umeme ukikatika usiku asubuhi bado unakimbia. Na msiache kiboksi kwenye dashibodi ya gari juani, joto linaua betri hizi kuliko matumizi.

21:10 Salma Katibu: Sawa. Majina sasa. Namuweka Kocha, Msangi, mimi. Zawadi?

21:26 Mzee Kibwana: Nimesoma yote. Wanangu, mnazungumza jasho na besi. Sisi tunakimbia Shekilango jua halijatoka, bodaboda zinapita upande usio wao, nyingine taa zimezimwa. Mimi hukaa nyuma ya mstari niwaite gari likija. Aliyeziba masikio mawili nitamwitaje? Nyumbani na jimu vaeni mtakavyo. Barabarani, mwenye masikio yaliyozibwa yote mawili asipange mstari na sisi. Na hesabu ya fulana isomwe humu kabla hela nyingine haijatoka mfukoni kwa mtu.

21:51 Mama Zuhura: Shikamoo mzee. Ahsante kwa kulisema.

21:53 Salma Katibu: Shikamoo mzee. Tumekusikia.

21:54 Mzee Kibwana: Marahaba.

22:02 Kocha Hamisi: Mzee amesema kweli, na kitaalamu kuna njia. Kwanza, kwa barabara tuache zile za kuzima kelele za nje. Ziko zenye hali ya kupitisha sauti za nje kwa maikrofoni, lakini upepo wa kukimbia unavuma kwenye maikrofoni hizo na bado tundu limezibwa. Pili, kuna zisizoingia kabisa ndani ya sikio. Shokz OpenRun hukaa mbele ya sikio na kutetemesha mfupa wa shavu, IP67. Tundu linabaki wazi kabisa. Ila inavuka mbali kikomo chetu, na besi yake ni ndogo.

22:08 Kocha Hamisi: Tatu ni kuvaa kipande kimoja. Sikio la upande wa magari libaki wazi. Sisi tunakimbia kulia tukiyakabili magari, kwa hiyo la kushoto ndilo liwe wazi. Deo, dukani hakikisha kila kipande kinacheza peke yake. Baadhi za bei ndogo kipande kimoja ndicho mama, ukikirudisha kwenye kiboksi na kingine kinanyamaza.

22:12 Fundi Deo: Nitapima hivyo: narudisha cha kushoto, cha kulia kiendelee, halafu kinyume chake. Pia simu naitia mfuko wa nyuma wa upande wa pili natembea. Mawimbi ya Bluetooth yanamezwa na maji ya mwili, ikikatakata hapo hata mtaani itakatakata. Dawa ni kufunga simu mkononi upande wa kipande unachokivaa.

22:15 Kocha Hamisi: Na sauti mshushe. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, ukifika 90 zinabaki saa 4 tu kwa wiki. Wengi tunapandisha kwa sababu kipira hakijakaa vizuri. Rekebisha kipira kwanza. Na kwa wa kipande kimoja, usipandishe ili kushindana na magari, hapo umeliziba na sikio lililo wazi.

22:16 Salma Katibu: Basi kitufe, IPX5, kila kipande kijitegemee. Ndoano kwa anayetaka. Majina?

22:40 Salma Katibu: Saa 4 imepita.

Alhamisi

06:48 Zawadi: Mimi nimo ila nalipa mwisho wa mwezi 🙏

07:15 Baba Neema: Hesabu ya fulana, Katibu?

07:31 Salma Katibu: Naiandaa.

07:32 Baba Neema: Leo?

07:50 Salma Katibu: Kabla ya Jumamosi.

08:04 Fundi Deo: Sasa Jumamosi ninunue au nisinunue?

08:20 Salma Katibu: Nenda kapime na uulize bei ya jozi 10. Usilipe kitu.

08:22 Fundi Deo: Bei ya 10 wakati majina ni manne?

12:37 Mama Neema: Shikamoo mzee, habari zenu wapendwa. Simu ilikuwa haina bando. Nyekundu zipo?