Zege la C25 hapa Tabora: tufuate jedwali la nani?

Mhandisi wa Isevya (mwanzisha mada):

Wakuu, habari za majukumu. Naleta hoja inayogombanisha watu kwenye vikao vya ujenzi hapa Tabora, na naomba tuijadili kwa namba, tusiulizane nani kasoma wapi.

Mji wetu umekuwa njia panda ya wajenzi. Reli ya kisasa kutoka Makutupora kuja hapa walipewa Waturuki. Kipande cha hapa kwenda Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022 na wajenzi ni Wachina. Vijana wetu wamepita kote huko. Wapo wahandisi waliosoma India, wapo waliofundishwa kwa vitabu vya Uingereza, na wapo wanaochora kwa programu zilizowekwa kanuni za Marekani. Wakikutana kwenye jengo moja la kituo cha afya, kila mtu anafungua jedwali lake, na fundi anasimama pembeni ya mikisa akisubiri kuambiwa ndoo ngapi. Sasa kuna wanaotaka halmashauri itangaze mbinu moja tu ya kupanga mchanganyiko na kupiga marufuku nyingine. Mimi napinga.

Chukua mchoro ulioandikwa 25 tu, yaani nguvu ya zege kwa megapaskali, ndiyo hiyo C25. Mwingereza anaelewa mchemraba wa milimita 150 uliokaa majini hadi siku ya 28. Mmarekani anaelewa silinda ya milimita 150 kwa 300. Silinda ni ndefu, katikati yake haishikiliwi na sahani za mashine kama mchemraba, kwa hiyo zege lile lile husoma kama asilimia 80 tu ya namba ya mchemraba. Ulaya walilimaliza hilo kwa kuandika zote mbili: C20/25, silinda kwanza, mchemraba baadaye. Sisi tunaandika C25 halafu tunanyamaza.

Tupige hesabu. Kokoto za graniti za kupondwa za milimita 20, mchanga wa mtoni, saruji ya 42.5 (daraja la nguvu linaloandikwa kwenye mfuko), slampu, yaani kipimo cha ulaini wa zege bichi, milimita 75 hadi 100.

Mbinu ya Waingereza ya kupanga mchanganyiko, inayoitwa DOE, iliyotoka 1975 na kurekebishwa 1988 na 1997: kama huna kumbukumbu za vipimo vya nyuma unachukua mtawanyiko wa 8 (jinsi vipimo vinavyopishana na wastani), unazidisha kwa 1.64, unapata 13 ya kuongeza juu ya 25. Wastani unaoulenga ni 38. Grafu yao inakupa uwiano wa maji kwa saruji wa 0.60 hivi. Maji lita 205 kwa mita ya ujazo, saruji kilo 342, karibu mifuko 7.

Mbinu ya Marekani, ACI 211.1: ukiisoma hiyo 25 kama silinda, unaongeza 8.3, unalenga 33.3, na jedwali linakupa uwiano wa 0.49. Maji yale yale lita 205. Saruji kilo 418. Hapo mmeachana mfuko mmoja na nusu kwa kila mita ya ujazo. Kwenye slabu ya mita za ujazo 40 ni mifuko 60. Ndipo watu wanaposema Wamarekani wanakula saruji na Waingereza wanabania.

Lakini geuza namba kwanza. Mchemraba wa 25 ni silinda ya 20. Kwa silinda ya 20 ACI inaongeza 7, unalenga 27, uwiano 0.58, saruji kilo 353. Tofauti na DOE ni kilo 11! Majedwali mawili yaliyotengenezwa kwa mawe ya mabara mawili, na yanaachana kilo 11.

Kwa hiyo mbinu sizilaumu. Nachotaka halmashauri ilazimishe ni mambo mawili: mchoro useme nguvu ni ya mchemraba au ya silinda, na mchanganyiko ujaribiwe kwa kokoto na mchanga wa hapa hapa kabla ya kumwaga slabu. Mwenye hoja nyingine aje nayo.

Boriti Kavu:

Mkuu, hesabu zako nimezirudia, ziko sawa. Ila zinanisaidia mimi kuliko wewe. Umeonyesha kosa linaloongeza saruji. Liangalie likienda upande wa pili: mchoraji alikusudia silinda ya 25, yaani mchemraba wa 30 na kitu, saiti wakapima michemraba ikasoma 26, wakashangilia. Jengo limepungukiwa na kila karatasi inasema limefaulu. Kosa la namna hiyo linazuiliwa na kanuni moja, si na maelezo ya pembeni ya mchoro ambayo fotokopi ya tatu huwa imeyala.

Halafu hukugusa tahadhari, yaani ile nyongeza juu ya daraja. India, kwenye kanuni yao IS 10262 ya 2019, kwa daraja la 25 wanachukua mtawanyiko wa 4: 25 jumlisha 6.6, unalenga 31.6. Wachina kwenye kanuni yao JGJ 55 ya 2011 wanachukua 5, unalenga 33.2. Mwingereza 38. Hapo hakuna silinda ya kugeuza, wote watatu wanapima mchemraba. Ile 4 ya India imeandikiwa saiti inayopima kwa uzito na kusimamiwa vizuri, na wenyewe wanasema usimamizi ukilegea uongeze. Niambie saiti gani ya shule ya kata inapima kwa uzito. Huku kwetu kokoto zinapimwa kwa karai na maji kwa jicho. Mtu akija na 31.6 yake ya darasani akaipeleka Sikonge, anahatarisha watoto wa watu.

Nasimamia hoja ya mbinu moja, na iwe DOE. Maabara zetu zina mold za mchemraba, michoro mingi bado inataja BS 8110, kanuni ya Kiingereza ya majengo ya zege, ingawa Uingereza kwenyewe iliondolewa mwaka 2010, na tahadhari yake ni pana, inatufaa sisi ambao hatujajenga kumbukumbu za vipimo.

Fundi wa Ng'ambo:

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni fundi, grafu sina. Naomba niseme ya saiti.

Karatasi za mhandisi zinakuja na kilo. Saiti mizani hakuna. Mfuko wa kilo 50 ukiumwaga ni kama lita 35, kwa hiyo moja-mbili-nne ni lita 35 za saruji, 70 za mchanga, 140 za kokoto. Tukiambiwa uwiano 0.60 maana yake ni maji lita 30 kwa mfuko, ndoo moja na nusu. Hiyo naielewa na naifuata. Lakini mvua za Novemba zikianza, mchanga umelowa. Mchanga wenye unyevu kidogo unavimba, ndoo inajaa wakati mchanga wenyewe ni pungufu kwa robo, na ndani yake kuna maji kama lita 4 ambayo hakuna aliyeyahesabu. Mhandisi haji kubadilisha kipimo. Kipimo cha Agosti kinatumika Januari. Mbishane Mwingereza na Mchina, lakini hizo lita 4 hazina uraia.

Jingine: kijana aliyetoka kwa mhandisi aliyesoma India aliniambia moja-mbili-nne ni daraja la 15. Hapa sisi wote tunaambiwa ni la 20, na moja-moja na nusu-tatu ni la 25. Kwake yeye hiyo ni ya 20. Nani yuko sahihi?

Mhandisi wa Isevya:

Fundi, marahaba. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi na wote wanaweza kukosea, kwa sababu moja-mbili-nne haisemi maji ni kiasi gani wala saruji ni ya daraja lipi. India wamechukua tahadhari kubwa zaidi kwa zege lisilopimwa, basi. Mimi ningekuwa na fundi anayeweka lita 30 bila kuongeza, ningemwamini kuliko jina lolote la uwiano.

Na hizo lita 4 ni kubwa. Ukitoka 30 kwenda 34 umetoka 0.60 kwenda 0.68. Zege linapoteza kama megapaskali 5. Ni karibu tahadhari yote ya Mhindi imeishia kwenye mchanga uliolowa.

Binti Gungu:

Nawasalimu kutoka Kigoma. Naona mnabishana kama vile mchanga ni mmoja nchi nzima. Huku tuna mchanga wa pwani ya ziwa ambao sehemu nyingine ni laini mno, unapita karibu wote kwenye chujio la mikroni 600, yaani tundu za milimita 0.6. DOE inaliuliza hilo moja kwa moja: asilimia ngapi inapita 600, kisha inakupunguzia mchanga. ACI inatumia moduli ya ulaini (namba moja inayosema mchanga ni laini kiasi gani) na ujazo wa kokoto zilizoshindiliwa, inafika huko huko. Wenzetu waliosoma Bujumbura wanatumia ya Kifaransa ya Dreux-Gorisse: wanachora mstari wa chembe zote kuanzia mchanga hadi kokoto na kutafuta mchanganyo unaoukaribia. Nimefanya kazi nao, na kwa mchanga wetu ile picha inaonyesha pengo ambalo jedwali linalificha: tuna mchanga laini, tuna kokoto kubwa, katikati hakuna kitu.

Sasa Boriti Kavu akinilazimisha DOE pekee, ananinyang'anya kifaa kinachofaa kwa mchanga wangu. Na anayepima moja-mbili-nne kwa mchanga huu analazimika kuongeza maji ili zege litembee, maana chembe laini zinataka maji mengi kuzilowesha zote. Sitaki mbinu moja. Nataka ripoti ya chujio iambatanishwe, hata iwe na mbinu ya nani.

Mkaguzi Mstaafu:

Wanangu, nimesoma yote. Mnajadili kana kwamba saruji iliyoko dukani ni ya 42.5. Nendeni mkaangalie mifuko iliyopangwa kwenye maduka ya vifaa. Mingi ni 32.5, kwa sababu ndiyo ya bei nafuu, na kwa plasta na tofali haina ubaya wowote. Grafu ya DOE mnayoitumia ni ya 42.5 na 52.5. Hakuna aliyewapa ruhusa ya kuingiza 32.5 humo.

Na kokoto. Wapondaji wetu wengi wanalichoma jiwe kwa moto lipasuke ndipo wapige nyundo. Graniti ina madini ya kwazi, na kwazi ikipata joto kali inatanuka na kuacha nyufa ndogo ndani ya jiwe. Jedwali la London linasema kokoto iliyopondwa inaongeza nguvu kuliko ya mviringo. Jiwe lililochomwa halikuwamo kwenye jedwali hilo. Siwalaumu akina mama wanaoponda, wanatafuta riziki kwa kazi ngumu kuliko ya yeyote kati yetu. Nasema zipimwe.

Mhandisi wa Isevya:

Mzee wangu, umegusa penyewe, na hapo ndipo Boriti Kavu anatakiwa alegeze. Mbinu ya Kichina inaiweka nguvu ya saruji ndani ya hesabu yenyewe. Nguvu ya zege ni 0.53 mara nguvu ya saruji, mara saruji kwa maji ukitoa 0.20, hizo ni namba zao za kokoto za kupondwa. Kwa saruji ya 42.5 unaingiza 49.3, na ukilenga 33.2 unapata uwiano 0.68, ambao huruhusiwi kuutumia kwa sababu kanuni zao za uimara zinakufungia 0.60 hata ndani ya nyumba kukavu. Kwa 32.5 unaingiza 36.4, uwiano unashuka hadi 0.52. Kutoka lita 30 kwa mfuko hadi 26.

Fundi akichukua ile 0.60 ya DOE akaweka mfuko wa 32.5, fomula hiyo inampa wastani wa 28. Toa tahadhari ya Wachina ya 8 (33.2 kutoa 25), umebaki na zege la 20 lililoandikwa 25. Hakuna aliyeiba saruji wala aliyechanganya vibaya. Ni mbinu sahihi iliyowekewa mfuko usio wake. Tukiamuru DOE pekee kesho asubuhi, kosa hilo linabaki pale pale, na sasa lina mhuri wa halmashauri.

Boriti Kavu:

Kwenye saruji nakubali, daraja la mfuko liandikwe kwenye mchoro kwa herufi kubwa. Kwenye tahadhari sitoki. Mtu atumie fomula ya Beijing au mstari wa Kifaransa, lakini asilenge chini ya 13 juu ya daraja mpaka alete matokeo ya michemraba 40 ya saiti za hapa. Hilo linaweza kuwa sharti moja kwa wote. Na mchanganyiko wa majaribio usiwe wa karatasi. Tumeona ripoti zinazofanana hadi nukta.

Mjumbe wa Kamati ya Shule:

Samahani kuingilia. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi kwenye shule yetu, darasa tunajenga kwa force account, yaani tunasimamia wenyewe bila mkandarasi, na mafundi wa mtaani. Fedha zimeletwa kwa mafungu, na kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na gharama zake, hakuna mstari wa kupima zege. Mhandisi wa wilaya ana miradi mingi, anakuja akiweza. Mnatuambia tupime, tuchuje, tujaribu. Nani analipa? Na siku 28 tunazisubirije wakati tunaulizwa darasa litafunguliwa lini?

Mhandisi wa Isevya:

Dada, swali lako ndilo halmashauri inatakiwa ilijibu kabla ya hili la mbinu. Kwa maoni yangu gharama iingie kwenye BOQ ya kila mradi kama zinavyoingia nondo, na majaribio yafanyike kwa shimo la mchanga na kwa mlima wa kokoto, si kwa kila shule. Shule tano zinazochota mchanga mto mmoja na kununua kokoto kilima kimoja zinaweza kutumia majaribio yale yale, na yafanyike kiangazi kabla fedha hazijaingia. Michemraba ya siku 7 inakupa dalili ya mapema. Ya 28 inasubiriwa wakati kuta zinapanda. TANROADS wana maabara za mikoa zenye mashine ya kuvunjia.

Kwa sasa, kama slabu au lenta zenu zinamwagwa wiki hii: soma daraja kwenye mfuko, mpigie mhandisi umtajie, umuulize lita ngapi kwa mfuko huo na kwa mchanga mlionao. Akikujibu "moja-mbili-nne", muulize tena lita.

Fundi wa Ng'ambo:

Na jibu aliandike kwa ndoo, ubaoni, pale penye mikisa. Kukinyesha usiku, aje asubuhi alifute aandike jingine.

Boriti Kavu:

Aje yeye mwenyewe, au amkabidhi fundi madaraka ya kulifuta? Maana hilo nalo hatujakubaliana.