Nataka kesi za watu wengi na haki za raia hapa Nairobi: nianzie wapi, na nitakula nini?

Chipukizi_Karen:
Wadau, naomba mwongozo. Niko Shule ya Sheria pale Karen, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria iko mbele yangu, kisha uanagenzi wa miezi 6 chini ya wakili. Nataka kesi za pamoja: waliobomolewa nyumba, waliovuta moshi wa kiwanda, wafanyakazi waliopunjwa. Wenzangu wanasema nitalala njaa. Nasoma kwamba mawakili wa Marekani wanakata theluthi ya fidia. Hapa inawezekana? Na huo uanagenzi niutumie vipi?

Mzee_wa_Milimani:
Kijana, theluthi isahau leo hii. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha mapatano yoyote ya "tukishinda unilipe, tukishindwa tuachane". Hata kupandisha ada kwa sababu mmeshinda hakuruhusiwi. Unachoruhusiwa ni mapatano ya ada kwa maandishi, yaliyotiwa sahihi, chini ya kifungu cha 45.

Usitegemee pia gharama za kesi ambazo aliyeshindwa huamriwa kumlipa mshindi. Kwenye petisheni (kesi za kikatiba) za maslahi ya umma jaji mara nyingi huamuru kila upande ujibebee mzigo wake. Basi wengi hapa mjini huishi kwa mirathi, uhamishaji wa ardhi na kesi za kazi, na petisheni inapanda juu ya hayo. Wengine huajiriwa na mashirika kama Kituo cha Sheria au Katiba Institute, mshahara ukitoka kwa wafadhili. Njaa si lazima, lakini panga kabla hujafungua ofisi.

Dada_wa_Petisheni:
Naongezea kwenye sheria yenyewe, maana wengi huingia wakidhani tuna mfumo wa Marekani. Kule, chini ya Kanuni ya 23 ya mahakama za shirikisho, jaji kwanza huidhinisha kundi, na mtu yumo ndani mpaka ajitoe mwenyewe. Sisi hatuna hatua hiyo. Tuna milango miwili.

Wa kwanza ni Oda ya 1 kanuni ya 8 ya Kanuni za Madai za 2010: mmoja anashtaki kwa niaba ya wote wenye maslahi yaleyale. Wote lazima wapewe notisi, kwa mkono au kwa tangazo kama mahakama itakavyoelekeza. Watu huruka notisi, halafu mlalamikiwa analitumia kosa hilo kuwayumbisha. Na "maslahi yaleyale" si maneno ya kupamba. Mpangaji na mwenye nyumba waliobomolewa siku moja hawadai kitu kimoja, wala huwezi kuwajumlisha kwenye aya moja.

Wa pili ni Kifungu cha 22 cha Katiba, ambacho kinamruhusu mtu au chama kwenda kortini kwa niaba ya kundi au kwa maslahi ya umma, bila ada ya kufungua kesi. Mwenendo wake uko kwenye zile tunazoziita Kanuni za Mutunga za 2013, kwa jina la Jaji Mkuu wa wakati huo. Hata barua ya kawaida yaweza kupokelewa kama petisheni. Lakini wewe ni wakili, usijifiche hapo! Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru, 1979, unatakiwa kutaja haki gani, imevunjwa na nani, kwa namna gani. Petisheni inayomwaga vifungu 20 bila kuvifunga kwenye matukio huanguka.

Na omba nafuu zako, yaani amri unazotaka korti itoe, waziwazi. Someni kesi ya Mitu-Bell: wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson walibomolewa 2011, wakashinda Mahakama Kuu 2013, wakapoteza kwenye rufaa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba jaji anaweza kutoa amri za kusimamia utekelezaji baada ya hukumu, kisha ikarudisha faili Mahakama Kuu kupanga nafuu. Miaka 10, na faili bado linarudi chini.

Karani_Msumbufu:
Hotuba mtajifunza mbele ya safari. Kesi hizi hufia kwenye orodha ya majina.

Fungua jedwali siku ya kwanza: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, simu, namba ya mlango, mpangaji au mwenye nyumba, alichopoteza kimoja kimoja, jamaa wa karibu, sahihi au dole gumba. Kwenye orodha ya mtaa ataitwa Mama Brayo, kwenye kitambulisho jina ni lingine kabisa, na siku ya malipo hakuna wa kumtambua. Asiyejua kusoma asomewe hati ya kiapo kwa lugha anayoielewa, na hilo liandikwe kwenye hati yenyewe. Picha za simu zinahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kisainiwe na anayehusika na kifaa hicho. Mlalamishi akifariki, mrithi aingizwe ndani ya mwaka mmoja, la sivyo dai lake linakufa naye.

Chipukizi_Karen:
Asanteni sana. Tukishinda dhidi ya serikali, tunapeleka madalali?

Mzee_wa_Milimani:
Hapana. Mali ya serikali hainadiwi, wala ya kaunti. Siku 21 zikipita baada ya hukumu unaomba cheti cha amri, hati ya korti inayoonyesha serikali inadaiwa nini, unampelekea afisa mhasibu wa wizara. Akinyamaza, unarudi kortini kuomba mandamasi, yaani amri ya kumlazimisha alipe. Akiendelea kunyamaza, unamshtaki kwa kudharau mahakama. Waambie wateja hayo kabla ya kufungua kesi, si baada ya nderemo.

Nyaraka_Kwanza:
Muda jamani! Dai la madhara dhidi ya serikali ni miezi 12, dhidi ya mtu binafsi miaka 3. Petisheni haina kikomo kilichoandikwa, lakini ukichelewa ueleze kwa nini.

Tazameni wazee wa Mau Mau walioishtaki Uingereza kule London kwa mateso ya enzi za ukoloni. Mwaka 2012 jaji aliruhusu madai ya wachache yaendelee licha ya miaka kupita, kwa kuwa nyaraka zilikuwa tele. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Kundi la pili, la watu kama 40,000, lilitupwa 2018. Muda ulikuwa umewala.

Dada_wa_Petisheni:
Kuhusu uanagenzi: msimamizi wako awe na miaka 5 ya uwakili, hata ukiwa kwenye shirika. Usiombe kubebeshwa mkoba kortini tu. Omba upewe faili moja la walalamishi wengi, uhakiki majina yote dhidi ya vitambulisho, uandike rasimu ya hati ya kiapo inayounga mkono, na uipakie mwenyewe kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Ukirudishiwa kwa sababu viambatisho havikupigwa muhuri, rekebisha jioni hiyohiyo.

Chipukizi_Karen:
Nimeelewa. Jedwali naanza kulichora usiku huu. Karani, ile safu ya jamaa wa karibu, naweka jina tu au na simu pia?

Karani_Msumbufu:
Simu mbili. Moja hubadilishwa kila mwaka.