Ushauri: nataka kutengeneza fremu ya kuzungushia chesisi ya Land Rover 109 ya jeshi

Kutu_Tanga
Habari za leo wakuu. Wazee shikamooni.

Nina Land Rover 109 (yaani inchi 109 kati ya ekseli na ekseli), Series III, iliyokuwa ya jeshi. Ni ile ya redio: umeme wake volti 24, matangi mawili ya mafuta chini ya viti, na kuna vibano vimechomelewa huku na huko ambavyo kwenye Land Rover ya raia huvioni. Nimeinunua kwa mzee mmoja aliyeipata mnadani zamani, ikakaa chini ya mwembe mpaka kuku wakawa wanatagia ndani. Bodi nimevua, injini na giaboksi viko pembeni, springi na ekseli nimetoa wiki iliyopita. Imebaki chesisi tupu.

Chumvi ya bahari huku haina huruma. Ukiitazama juu chesisi ni nzima, ila ukilala chini ukagonga na nyundo, ubavu wa kushoto unamwaga unga mwekundu. Matawi mawili yanayobeba bodi yameoza, na boriti ya nyuma imekuwa chujio. Nimejaribu kuchomelea nikiwa chali. Cheche ikaingia kwenye kola, nikakurupuka, nikaipiga chesisi kwa paji la uso. Chesisi haikuumia.

Ndipo nikawaza nitengeneze stendi mbili, moja mbele moja nyuma, chesisi ikae katikati izunguke kama ndafu, tumbo lake nilichomelee nikiwa nimesimama. Shafti ya kuzungukia iwe juu kiasi gani? Bomba ndani ya bomba, au beringi? Na chesisi niishike wapi, maana nyuma ndiko kulikooza? Skwea paipu za inchi 3 ninazo za kutosha. Baada ya hii kuna Jeep ya Willys ya shemeji inasubiri zamu, kwa hiyo stendi isiwe ya kazi moja.

Mpiga_Grinda
Mkuu, unaihitaji kweli? Chesisi tupu ya 109 vijana wanne wanaigeuza kwa soda. Mimi nimemaliza mbili juu ya mapipa na matairi mabovu. Hela ya hayo madude ungenunua bati la milimita 2 ukaanza kuziba leo.

Kutu_Tanga
Hoja yako naielewa, ila kazi hii naifanya usiku nikitoka kazini, niko peke yangu. Vijana wanne saa nne usiku nawatoa wapi? Na siyo kugeuza mara moja. Leo nachomelea ubavu, kesho tumbo, keshokutwa nagundua tundu jingine.

Mzee_wa_Springi
Marahaba kijana. Mwache huyo na mapipa yake, wewe jenga.

Kitu kimoja ukikosea hapa, mengine yote hayatakusaidia: shafti lazima ipite pale uzito wa chesisi ulipo katikati. Ikipita chini ya hapo, chesisi inakuwa na kichwa kizito. Ukichomoa pini inajipindua yenyewe na kukupiga mbavu. Ikipita juu sana, inaning'inia kama ndoo, kila ukiigeuza inataka kurudi. Fanya hesabu ndogo. Tuseme mzigo ni kilo 150. Ukikosea sentimita 5 tu, kwenye mkono wa nusu mita unasukuma kama kilo 15, hiyo mtoto anaweza. Ukikosea sentimita 20, ni kilo 60. Hapo huzungushi tena, unapigana mieleka.

Uzito uko wapi basi? Huwezi kujua kwa macho, maana chesisi ya 109 imeinuka inapopita juu ya ekseli ya nyuma na haiko sawa urefu wote. Kwa hiyo ile sahani inayoshika chesisi usiichomelee moja kwa moja kwenye shafti. Iwekee mpasuo mrefu wa wima, bolti mbili zipite humo, uweze kuipandisha na kuishusha. Pandisha chesisi, acha jeki chini yake, chomoa pini, izungushe kidogo kidogo na uone inakimbilia wapi. Inayobaki pale unapoiacha, kila upande, hiyo imekaa. Kaza bolti. Ukishaongeza boriti mpya ya nyuma, rudia tena, kwa sababu uzito umehama.

Urefu: gari zima lina upana wa kama mita 1.68, na chesisi haizidi hapo. Nusu yake ni sentimita 84. Weka shafti mita 1 kutoka sakafuni, hutagusa chini na mgongo hautakuuma.

Binti_Spana
Shikamoo mzee, hapo kwenye mpasuo umemaliza. Naongezea upande wa mabomba.

Kutu, usichukue bomba mbili za kubahatisha dukani. Bomba la maji la inchi 2 kwa nje lina milimita 60.3. Lile la inchi 2½ la ukuta wa unene wa kawaida (skedyuli 40) ndani lina karibu 62.7. Moja linaingia ndani ya jingine na kubaki nafasi ya milimita mbili na kitu, ukipaka grisi linazunguka vizuri. La inchi 2½ ndani ya la 3 linacheza sana, chesisi itakuwa inayumba. Nenda na kipimo, maana mabomba membamba yapo mengi na muuzaji atakuapia kuwa ni yale yale. Na ndani ya bomba kubwa kuna mshono umetokeza, upige tupa kwanza, la sivyo utalaumu hesabu zangu.

Ununue bomba jeusi. Lile la mabati ukilichomelea linatoa moshi mweupe wa zinki. Usiku utatetemeka ukadhani umeshikwa na malaria.

Kufunga: sahani ya mduara yenye matundu 12 inakupa kituo kila nyuzi 30. Pini ya milimita 16 au zaidi. Nondo siyo pini.

Mrima77
Bomba sawa, lakini kwa nini uhangaike? Tafuta habu (vitovu vya magurudumu) mbili za mbele za gari lolote bovu, pamoja na ile shafti fupi zinazozungukia. Shafti chomelea kwenye stendi, habu ifunge kwenye sahani kwa bolti zake za tairi. Beringi zimo tayari, zilishabeba gari zima. Mimi yangu naizungusha kwa kidole. Nina seti moja ya ziada huku Muheza imekaa bure.

Binti_Spana
Habu ni nzuri, nakubali. Ila Kutu, ukitumia habu, waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea ubane kwenye chesisi yenyewe, karibu na unapochoma. Ukiubana kwenye stendi, umeme unapita ndani ya beringi na kuzichoma vipele. Na kwa kuwa inazunguka kwa kidole, ndiyo maana pini ni lazima. Mrima, yako ina pini?

Mrima77
Ina kamba 😅

Mzee_wa_Springi
Kamba! Mungu akulinde.

Niko_Rotterdam
Wakuu nawasalimu kutoka baridini. Nina Land Rover ile nyembamba iliyotengenezwa ibebwe na helikopta, ya dizeli, jeshi la huku Uholanzi walikuwa nazo. Upana wake ni mita 1.52 tu, lakini kwenye stendi ilinifundisha adabu kuliko gari kubwa.

Kosa langu niliweka stendi zote mbili juu ya magurudumu, kila moja peke yake. Sakafu haikuwa sawa, stendi moja ikainama, chesisi ikawa inajikunja kila nikiizungusha. Unganisha stendi zako kwa skwea paipu moja ndefu chini, yenye nyingine inayoingia ndani yake, ili uweze kurefusha na kufupisha. Jeep ya shemeji ni fupi kuliko 109 kwa zaidi ya sentimita 70 kati ya ekseli na ekseli, kwa hiyo hilo utalihitaji tu. Kabla ya kupandisha kitu, pitisha uzi katikati ya bomba la mbele mpaka la nyuma. Uzi usipogusa pembeni, umenyoosha.

Sasa suala la wapi pa kushika. Mbele tumia ndimi za chesisi zinazobeba bampa, matundu yapo tayari. Nyuma usiishike boriti mbovu unayotaka kuikata! Ukiikata chesisi itaning'inia kwa imani. Shika mbavu mbili za chesisi mbele kidogo ya boriti, ufunge na chuma cha muda kutoka ubavu hadi ubavu. Pima pembe hadi pembe, yaani mbele kushoto mpaka nyuma kulia, na kinyume chake, andika ukutani kwa chaki. Kata. Pima tena kabla hujachomelea boriti mpya.

Ya Jeep ni habari nyingine. Bodi ya Land Rover ni vipande vya aluminiamu vinavyofunguka, lakini ya Willys ni beseni moja la bati la chuma. Ukilining'iniza bila kuweka vyuma vya msalaba kwenye nafasi za kupandia, litakunjika katikati.

Karani_Mstaafu
Mimi si fundi, nimesoma tu kwa raha. Ila naona mnasema ashike mbele kwenye ndimi za bampa. Namba ya chesisi kwenye Series III imegongwa hapo hapo, mbele upande wa kulia karibu na springi. Akija na grinda kusafisha pa kufunga, au akachomelea kibano juu yake, siku ya ukaguzi atakuwa na gari lisilo na jina. Safisha kwa brashi ya waya kwa mkono, piga picha, linganisha na kadi KWANZA.

Na rangi pia. Ukimaliza, kabla hujalipaka kijani cha jeshi na kuliandika namba za zamani, nenda kaulize panapohusika. Usije ukasimamishwa na wenyewe.

Mpiga_Grinda
Haya, nimesoma mpaka hapa, mapipa yangu nayatetea nusu tu. Kuna faida ambayo hamjaitaja. Chesisi ile ni sanduku, ndani mna mchanga na tope la miaka yote. Juu ya mapipa halitoki. Kwenye hicho kindafu chenu, isimamishe ubavu, gonga, geuza, gonga, utajaza ndoo. Na mwishoni ukipuliza nta ya kuzuia kutu ndani, zungusha polepole isambae kwenye kona zote. Hilo vijana wanne hawawezi, hata kwa kreti nzima.

Ukitaka kupiga mchanga kuondoa kutu, usitumie wa baharini au wa mtoni. Vumbi lake linakaa kwenye mapafu na halitoki.

Kutu_Tanga
Wakuu, asanteni sana. Leo nimekwenda na brashi ya waya kama mzee Karani alivyosema. Chini ya matabaka matatu ya rangi namba ipo, na inalingana na kadi. Kibano nilichokichora kingekaa juu yake kabisa.

Nimeamua: habu, siyo bomba, kwa kuwa Muheza ni karibu. Sahani zenye mpasuo, matundu 12, pini ya milimita 20. Niko_Rotterdam, nyuma nitashika mbavu za chesisi.

Mrima77, Jumapili nakuja kuchukua hizo habu. Kamba baki nayo.

Mrima77
Karibu. Njoo na samaki.